Maktaba za bure mtandaoni zinahitaji wa kuzinadi

Kila mwanafunzi wa baiolojia nchini Kenya hufundishwa kwamba anayerithi jeni moja ya selimundu hupata kinga fulani dhidi ya malaria. Ni sentensi moja kitabuni. Huandikwa ubaoni, hunakiliwa daftarini na kukaririwa hadi siku ya mtihani. Jambo ambalo aghalabu halisemwi ni kwamba baadhi ya ushahidi imara zaidi wa sentensi hiyo ulipatikana Kilifi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 na watafiti wa mpango wa KEMRI-Wellcome, waliofuatilia watoto wa huku huku pwani, ulionyesha kwamba jeni hiyo hupunguza kwa nusu uwezekano wa mtoto kuugua malaria ya kawaida, kwa asilimia 75 uwezekano wa kulazwa kwa sababu ya malaria, na kwa karibu asilimia 90 uwezekano wa kupata malaria kali. Makala yenyewe imo kwenye hifadhidata ya PubMed Central, haidai ada wala nywila. Mwalimu aliye Ganze, Marafa au Gongoni anaweza kuifungua kwa simu yake usiku wa leo. Sijui kama kuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba ipo.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sokoni Malindi huenda methali hiyo bado ina nguvu, lakini kwenye simu imepinduka. Kamari, vichekesho vya nusu dakika na matangazo ya mikopo havingoji kutafutwa; kuna kampuni nzima zinazoamka kila siku kuvifikisha kiganjani mwa kijana. Makala ya kisayansi haina wa kuifikisha. Imewekwa mahali pake, mlango ukaachwa wazi, na walioiweka wakaridhika kwamba kazi imekwisha. Ndiyo maana nashikilia kwamba mjadala wetu wa elimu ya kidijitali katika kaunti hii ya Kilifi huanzia pasipofaa. Tunahesabu vifaa, tunalalamikia mtandao, tunasifu ukubwa wa hazina zilizoko mtandaoni, lakini hatuulizi ni nani aliyeajiriwa ili amfuate mwalimu shuleni na kumwambia: swali lako la wiki hii lina jibu hapa, na hivi ndivyo linavyofunguliwa. Pasipo mtu huyo, hifadhidata za bure zitabaki kuwa mali ya wale waliokwisha kufika vyuo vikuu, yaani watu ambao tayari wana maktaba.

Kilichomo si haba. Wellcome, wakfu wa Uingereza unaofadhili utafiti wa Kilifi tangu kituo kilipoanzishwa mwaka 1989, uliamua mwaka 2005 kwamba makala zinazotokana na fedha zake zisifungiwe nyuma ya malipo. Kwa hiyo sehemu kubwa ya yaliyogunduliwa kutokana na damu na maisha ya watu wa hapa inasomeka bure. Yamo majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S yaliyofanyiwa watoto wa Kilifi na wa Korogwe, Tanzania, na kuchapishwa mwaka 2008, miaka 13 kabla ya Shirika la Afya Duniani kuipendekeza chanjo hiyo Oktoba 2021. Yamo pia maelezo ya mfumo ulioanza mwaka 2000 wa kufuatilia uzazi, vifo na uhamaji katika eneo la kilomita za mraba 891 kuzunguka hospitali ya kaunti. Mwalimu wa hisabati anayetafuta data halisi ya kufundishia takwimu hana haja ya kubuni mfano wa machungwa na maembe. Data ipo, na huenda baadhi ya wanafunzi wake ni watoto wa waliohesabiwa.

Nje ya afya mambo ni hayo hayo. Gede, mji ambao James Kirkman alianza kuuchimbua mwaka 1948 na ambao uliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO Julai 2024, una faili lake kwenye tovuti ya shirika hilo, pamoja na ramani na hoja zilizotolewa kuutetea. Kaya za Wamijikenda nazo zina la kwao tangu 2008. Kenya Law huchapisha bila malipo sheria zote za nchi na maamuzi ya mahakama, zikiwemo Mahakama Kuu, Mahakama ya Rufaa na ile ya Mazingira na Ardhi zinazoketi Malindi. Katika kaunti ambayo mgogoro wa ardhi huzungumzwa kila penye kivuli cha mwembe, kijana wa kidato cha tatu angeweza kusoma jaji alisema nini hasa, badala ya kutegemea alichosikia mkutanoni. Angeweza pia kusoma jinsi wavuvi wa Lamu walivyoamuliwa kulipwa fidia ya shilingi bilioni 1.76 mwaka 2018 kwa hasara ya mradi wa bandari, na mahakama ilifikiaje uamuzi huo. Mwalimu wa jiografia ana jarida la sayansi ya bahari la Magharibi mwa Bahari ya Hindi, lililo wazi kupitia hifadhidata ya majarida ya Afrika, AJOL, iliyoanza mwaka 1998. Si kila kitu humo ni cha bure, lakini kingi ni bure. Ana pia GBIF, inayoonyesha wapi na lini spishi nyingi zimewahi kurekodiwa, akiwemo yule sange mwenye makalio ya dhahabu wa msitu wa Arabuko-Sokoke anayechorwa kwenye vibao vya watalii na kusahauliwa darasani.

Na mwalimu wa Kiswahili, ambaye kwa kawaida ndiye wa mwisho kukumbukwa katika mazungumzo haya, ana Swahili Forum, jarida lililoanza Ujerumani mwaka 1994 na ambalo makala zake kadhaa zimeandikwa kwa Kiswahili. Ana hati za tenzi na mashairi kwa herufi za Kiarabu zilizohifadhiwa SOAS, London, na kuwekwa mtandaoni. Ana hati za Msikiti wa Riyadha wa Lamu, zilizopigwa picha chini ya mpango wa British Library wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini. Tunafundisha ushairi wa pwani kwa vijana wa pwani bila kuwaonyesha hata mwandiko wake, ilhali mwandiko uko umbali wa kubonyeza mara mbili. Hili mimi naliona la kusikitisha kuliko yote, pengine kwa sababu ndilo rahisi zaidi kurekebisha.

Kwa nini basi hazisomwi? Kwa sababu jinsi tunavyozitangaza ni ile ile isiyowahi kufaa. Hutolewa orodha ya viungo thelathini kwenye karatasi moja. Hubandikwa bango kwenye ubao wa matangazo. Huandaliwa warsha ya siku moja hotelini, kukawa na chai, hotuba, picha ya pamoja na cheti. Orodha ya viungo haina mwalimu anayeihitaji, kwa maana hakuna mwalimu anayeamka akitafuta hifadhidata. Anaamka akitafuta mfano wa mmomonyoko wa fuo utakaoeleweka na watoto wa Mambrui, au takwimu za mvua za somo la leo, au hadithi ya kusomea Gredi ya 3. Jina la hifadhidata halimwambii kitu mpaka lije likiwa limebeba jibu la swali lake.

Tumewahi kulipia somo hili kwa bei ghali. Mpango wa DigiSchool wa mwaka 2016 ulisambaza zaidi ya vifaa milioni 1 katika shule za msingi zaidi ya 20,000 nchini, kisha magazeti yakajaa taarifa za vishikwambi vilivyofungiwa kabatini kwa hofu ya wezi, ukosefu wa umeme au ukosefu wa mtu wa kuonyesha vinatumikaje. Kifaa kilifika kabla ya sababu ya kukiwasha. Walimu nao wana kumbukumbu nyingine. Mwaka 2021 Tume ya Kuajiri Walimu ilipozindua mafunzo ya lazima ya maendeleo ya kitaaluma, ya kulipiwa shilingi 6,000 kwa mwaka kutoka mfukoni mwa mwalimu, yalipokelewa kwa hasira, na haikuwa hasira isiyo na msingi. Yeyote atakayekwenda shule ya Magarini na neno “mafunzo” mdomoni lazima ajue kwamba neno hilo limekwisha chafuliwa. Aende na makala ya selimundu iliyochapwa, jedwali lake likiwa limezungushiwa wino, na dakika ishirini katika chumba cha walimu. Wiki inayofuata aende na nyingine.

Mtu huyo ni mkutubi, au mwalimu aliyepunguziwa vipindi ili afanye kazi ya ukutubi. Kazi yake si kulinda rafu. Ni kuujua mtaala kwa undani kiasi cha kutambua mwezi gani darasa gani linafika mada gani, na kutafuta makala mbili au tatu za kulifaa. Si jambo la kinadharia. Maktaba ya taifa, KNLS, ilipoungana na shirika la EIFL kupeleka taarifa za afya mtandaoni kwa wasomaji wa Kisumu na Eldoret, na ilipoweka vishikwambi mikononi mwa watoto katika maktaba ya Kibera, kilichofanya mradi uende ni wakutubi waliofunzwa kuketi na msomaji, si vifaa peke yake. Sioni sababu ya pwani kudhani hilo ni la bara tu.

Kuna wakati ambapo hoja hii isingekuwa na haraka. Mfumo wa 8-4-4 uliuliza kilichomo kitabuni, na aliyesoma nje ya kitabu alijipotezea muda. Mtaala wa umilisi, ambao kundi lake la kwanza lilipangiwa Gredi ya 10 ya sekondari pevu Januari 2026, unadai miradi, uchunguzi na ushahidi kutoka mazingira ya mwanafunzi. Ukimwambia mtoto afanye uchunguzi bila kumwonyesha mahali pa kutafuta, atanakili kutoka kwa jirani, au mzazi atamlipa mtu wa saiba pale mjini amfanyie. Biashara hiyo ya saiba tunaijua sote.

Pingamizi la kwanza ambalo msomaji atakuwa ameshaliandaa ni mtandao. Bando ni ghali, Ganze na sehemu za Magarini mawimbi ya simu ni ya kubahatisha, na shule za bweni hazimruhusu mwanafunzi kuwa na simu. Yote kweli. Lakini angalia uzito wa kitu chenyewe: makala moja mara nyingi haizidi megabaiti mbili au tatu, kiasi ambacho dakika chache za video humeza. Mwalimu mmoja akiipakua na kuichapa, darasa zima limesoma bila simu hata moja. Zipo pia maktaba zinazotembea bila intaneti kabisa. Kiwix hubeba Wikipedia nzima, ya Kiswahili ikiwemo, ndani ya flashi. Kolibri huweka masomo na mazoezi kwenye kompyuta moja ambayo nyingine hujiunganisha nayo chumbani bila bando. Tatizo la mtandao ni sababu ya kumhitaji mtu wa kati, kwa kuwa pale mtandao unaposhika kila mahali mtu anaweza walau kujikwaa juu ya jambo mwenyewe. Pale unaposhika saa moja kwa siku, lazima awepo anayejua saa hiyo itumiwe kupakua nini.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi, nami silipuuzi. Makala hizi ni za Kiingereza, tena Kiingereza cha wataalamu, na haziandikiwi watoto. Mwanafunzi wa Bamba anayefikiri kwa Kigiriama, anayecheza kwa Kiswahili na kufanya mtihani kwa Kiingereza, tunamtwika lugha ya nne, ile ya jarida la tiba. Ni kweli kwamba makala nzima si ya kumkabidhi. Jedwali moja lakini linafaa, na ramani, na aya ya kwanza ya muhtasari, mwalimu akilifungua kwa Kiswahili kama anavyofanya tayari kila siku na kitabu cha kiada. Madarasa ya chini yana African Storybook, iliyozinduliwa mwaka 2014 Afrika Kusini, ambayo ina hadithi nyingi za Kiswahili zinazoruhusiwa kuchapwa, kubadilishwa na hata kutafsiriwa na mwalimu mwenyewe. Na kama makala za Kilifi hazina muhtasari wa Kiswahili, hilo ni dai la kuwapelekea watafiti. Fomu za ridhaa wazijazazo wazazi kabla ya mtoto kushiriki utafiti hutafsiriwa kwa Kiswahili na Kigiriama kwa uangalifu mkubwa. Anayeweza kutafsiri ombi anaweza kutafsiri matokeo.

Wengine watauliza kwa nini tuhangaike ilhali akili unde hujibu kila swali kwa sekunde. Inajibu, naam, na kwa ufasaha unaomtisha mwalimu. Hutaja pia vitabu ambavyo havijaandikwa na makala ambazo hazipo, kwa sauti ile ile ya uhakika. Hifadhidata haina ufasaha huo. Ina jina la mwandishi, mwaka, njia iliyotumika na idadi ya waliopimwa, yaani vyote ambavyo mtu anahitaji ili abishe. Mwanafunzi aliyezoea kuuliza “hili limetoka wapi?” atafaidika na mashine hizo. Asiyezoea atazifuata popote.

Lipo pia pingamizi ambalo husemwa na watu wanaozijua hifadhidata vizuri: vya bure vya wenzetu vinaweza kufungwa na wenzetu. Oktoba 2023 British Library ilishambuliwa na wahalifu wa mtandaoni, na mikusanyiko yake ya kidijitali, zikiwemo hati za Lamu, ikakosekana kwa muda mrefu. Februari 2025 Marekani ilipokata misaada, mpango wa DHS uliokuwa ukihifadhi takwimu za afya za nchi nyingi, Kenya ikiwemo, ulisimama ghafla. Pingamizi hili nalikubali, na linanipa hoja. Leseni nyingi za kazi zilizo wazi huruhusu kunakili na kugawa. Takwimu za afya za mwaka 2022, zinazoitaja Kilifi kama kaunti, zimo pia katika ripoti ya Shirika la Takwimu la Kenya. Mkutubi anayefuatilia kazi yake huhifadhi nakala ya kila anachokitumia kwenye kompyuta ya maktaba, na nyingine pembeni. Kinachopotea ni kile ambacho hakuna aliyekuwa akikitumia hata akaona kimetoweka.

Nani alipe? Shule za sekondari ziko chini ya serikali kuu, na kaunti hujikinga kwa hoja hiyo. Lakini Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazitaja maktaba waziwazi miongoni mwa kazi za kaunti. Mkutubi wa kuzungukia shule anaweza kuajiriwa na maktaba bila kuvuka mpaka wa mtu. Mmoja kwa kila eneo bunge ni watu 7, katika kaunti iliyohesabiwa watu 1,453,787 mwaka 2019. Chuo Kikuu cha Pwani, kilichopata hati yake mwaka 2013, kina maktaba inayofungua hata hifadhidata za kulipiwa, na mikataba mingi ya hifadhidata hizo humruhusu mgeni aliyeketi ndani ya jengo kuzisoma. Kuwafungulia walimu Jumamosi, na wiki za likizo ya Aprili na Agosti, ni suala la mlinzi na ratiba. Vyuo vya KMTC vya Kilifi na Malindi vinaweza kujisajili na Research4Life, iliyoanza na Hinari ya WHO mwaka 2002 ili taasisi za nchi zetu zisome majarida ya tiba bure au kwa bei nafuu, na kila mwanafunzi mpya akaonyeshwa siku ya kwanza, si mwaka wa mwisho anapoandika ripoti. Kituo cha KEMRI-Wellcome tayari kina programu ya kushirikiana na shule za sekondari za hapa. Kubeba makala moja kila kinapozitembelea shule hizo kungegharimu wino na karatasi.

Sheria ya usimamizi wa fedha za umma inataka makadirio ya bajeti ya kaunti yafike bunge la kaunti kufikia Aprili 30, na kamati ya bajeti isikilize maoni ya wananchi kabla ya bunge kuyapitisha. Vikao hivyo hujaa maombi ya barabara, visima na basari, nayo ni maombi ya haki. Walimu wakuu na kamati za wazazi wakija na ombi la nafasi saba za wakutubi, wakataja Jedwali la Nne na kutaka waone fungu la maktaba limetengewa kiasi gani, afisa wa fedha itambidi afungue ukurasa huo mbele yao.